Mikunjo na Makovu Baada ya Kuinua Matiti: Lini Usubiri, Lini Urudi kwa Daktari

Anayefanyiwa upasuaji wa kuinua matiti hupata matiti yaliyosimama, na pamoja nayo hupata makovu. Hakuna njia ya kupunguza ngozi bila kuikata, na daktari mkweli humweleza mwanamke jambo hilo kabla ya siku ya kisu. Hata hivyo bandeji zikishatolewa, mwanamke akijitazama kwenye kioo chake huko Membley, Ruiru, au Makongeni, Thika, huona mambo ambayo picha za matangazo hazikumwonyesha. Ngozi imekunjamana chini ya titi, mstari wa kidonda umevimba na unawasha, na upande wa kwapani pametokeza kijinyama. Hapo ndipo anapoanza kujiuliza kama kazi imeharibika au kama kidonda bado kinapona.

Wanawake wa Thika na Ruiru aghalabu hufanyiwa upasuaji huu mbali na nyumbani. Wapo wanaoufuata Nairobi, na wapo wanaopanda ndege kwenda India au Uturuki, kisha wanarudi kuuguza kidonda wenyewe. Aliyewapasua hayupo karibu. Walio karibu ni shoga, muuza dawa wa kemisti na tangazo la krimu la kwenye simu, na wote watatu wana haraka ya kuwapa dawa. Katika shughuli ya makovu, haraka ndiyo inayoleta hasara kubwa zaidi.

Kisu kilipita wapi

Ili ujue mkunjo wako ni wa aina gani, anza na mistari ya kidonda chako. Njia zinazotumika sana ni tatu.

Katika njia ya kwanza daktari hukata ngozi kama pete kuzunguka sehemu nyeusi ya chuchu, kisha huvuta duara kubwa la nje kwa uzi hadi litoshee duara dogo la ndani. Mdomo wa gunia ukifungwa kwa kamba hufanya marinda, na ngozi nayo hufanya vivyo hivyo. Marinda hayo ni matokeo ya hesabu ya njia yenyewe, na kwa kawaida hulainika katika miezi 3 hadi 6. Yasipolainika, au sehemu nyeusi ya chuchu ikizidi kutanuka na kovu lake kuwa pana, mara nyingi maana yake ni kwamba ngozi iliyotolewa ilikuwa nyingi kupita uwezo wa njia hii.

Njia ya pili huongeza mstari unaoshuka wima kutoka chuchu hadi kwenye mkunjo wa chini wa titi. Walioieneza zaidi ni wapasuaji wawili, Claude Lassus wa Ufaransa na Madeleine Lejour wa Ubelgiji. Hapa ngozi iliyozidi hukusanywa kwa makusudi katika sehemu ya chini ya mstari huo, ikiachiwa nafasi ya kunywea polepole. Kwa hiyo mwanamke aliyepasuliwa kwa njia hii huondoka hospitalini akiwa na vikunjo chini ya titi, na hata umbo la titi lenyewe huwa la ajabu kwa wiki kadhaa, juu limejaa na chini limebanwa. Kama hakuelezwa mapema, atadhani amedhulumiwa.

Ya tatu, inayotumika matiti yakiwa makubwa au yameanguka sana, huongeza mstari wa mlalo ndani ya mkunjo wa chini, na makovu yote kwa pamoja hufanana na nanga. Ramani yake ya kukatia ilichapishwa na Robert Wise wa Marekani mwaka 1956 na bado inatumika duniani kote. Ina sehemu mbili za kuchungwa. Pale mstari wa wima unapokutana na wa mlalo, damu hufika kwa shida na mvutano ni mkubwa, kwa hiyo kidonda huweza kuachana kidogo. Ufa mdogo hapo hufunga wenyewe kwa kusafishwa na kufungwa vizuri, ila huacha kovu pana. Na kwenye ncha za mstari wa mlalo, kwapani au katikati ya kifua, ngozi iliyobaki hujikusanya na kutokeza kijinyama.

Kuna pia mkunjo wa aina nyingine kabisa, ambapo kovu limegandamana na nyama iliyo chini yake. Inua mkono juu utazame kioo. Ngozi ikivutwa kwenda ndani na kufanya shimo kila unapoinua mkono, kovu limeshikilia. Huu hauishi kwa kusubiri tu kama yale marinda, ingawa kukanda husaidia.

Mwezi wa tatu hudanganya

Kidonda cha upasuaji kilichofunga vizuri huonekana kimepona baada ya wiki 2 au 3. Kwa nje ni kweli. Kwa ndani, katika wiki ya tatu ngozi hiyo ina kama robo tu ya nguvu yake ya awali, na baada ya miezi 3 hufikia takriban asilimia 80, kiwango ambacho haitakipita tena. Katika kipindi hicho mwili unamwaga kolajeni kwa wingi kushikiza kingo, ndiyo maana kovu hunyanyuka, huwa gumu na hubadilika rangi kuwa jekundu, zambarau au jeusi kuliko ngozi ya jirani. Mara nyingi hali hii hufika kileleni karibu na mwezi wa tatu. Baada ya hapo mwili huanza kupanga upya ile kolajeni, na kovu hulainika na kufifia hadi mwezi wa 12, kwa wengine hata wa 18.

Mwanamke anayefanya uamuzi katika mwezi wa tatu anahukumu kovu likiwa katika sura yake mbaya kuliko zote. Akikatwa tena wakati huo, daktari anashona ngozi iliyovimba, yenye damu nyingi na isiyokaa mahali pamoja, na kovu jipya huweza kuwa baya kuliko la kwanza. Ndiyo sababu madaktari wengi hawagusi kijinyama cha kwapani kabla ya miezi 6, na hawalirekebishi kovu lenyewe kabla ya mwaka. Ukikutana na kliniki iliyo tayari kukupasua tena baada ya wiki 8 kwa sababu ya mikunjo, kuwa na shaka nayo.

Kusubiri huko hakumaanishi kukaa bure. Kidonda kikishafunga kabisa, bila kigaga wala majimaji, anza na plasta nyembamba ya karatasi inayouzwa kwenye kemisti. Ibandike juu ya mstari wote na uiache hadi ianze kujibandua yenyewe, kisha ubadilishe. Inapunguza mvutano wa ngozi, na bei yake haimtishi mtu. Silikoni, ya kubandika au ya kupaka, ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko krimu zote za makovu. Ya kubandika huvaliwa saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi 2 hadi 3 angalau, ikioshwa kwa sabuni na kukaushwa kila siku, maana jasho la mchana likikaa chini yake huleta vipele. Ya kupaka hupakwa mara mbili kwa siku.

Kukanda kovu huanza daktari akikuruhusu, kwa kawaida kati ya wiki ya tatu na ya sita. Paka mafuta kidogo ya mgando, bonyeza kwa kidole hadi ngozi ya juu isogee juu ya nyama ya chini, zungusha, kisha sukuma kwa urefu na kwa upana wa kovu. Dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, zinatosha. Kupaka mafuta juu juu hakuachilii kovu lililoshikilia. Lazima ngozi isogee.

Kwa wiki 6 za kwanza vaa sidiria isiyo na waya, inayofungwa mbele. Waya wa sidiria hukaa juu ya kovu la mlalo kabisa. Sidiria nzuri zenye mkanda mpana hupatikana hata kwenye mitumba ya Thika na Githurai, ila zifue kwa maji ya moto na uzipige pasi kwanza. Acha kunyanyua mtungi wa maji na kumbeba mtoto hadi daktari aseme. Na kama unavuta sigara au shisha, nikotini hubana mishipa midogo ya damu inayolisha ngozi na chuchu, na vidonda vya wavutaji huachana zaidi.

Limau na kitunguu saumu visikaribie kidonda. Maji ya limau yakipigwa na jua huunguza ngozi. Krimu za kung'arisha ndizo mbaya zaidi, kwa sababu nyingine zina zebaki, steroidi kali au haidrokwinoni, na mwanamke huishia na kovu lile lile likizungukwa na ngozi ya madoadoa.

Keloidi

Hapa mtu mweusi lazima asome polepole. Makovu yaliyonyanyuka ni ya aina mbili, na matibabu yake hutofautiana. Moja hubaki ndani ya mipaka ya kidonda. Huanza wiki chache baada ya upasuaji, huwasha, kisha taratibu hushuka. Nyingine ni keloidi. Hii huvuka mpaka wa kidonda na kuingia kwenye ngozi ambayo kisu hakikuigusa, huweza kuanza miezi mingi baadaye, huwasha na kuuma, na haishuki yenyewe. Watu wenye ngozi nyeusi huipata zaidi, huonekana katika koo zile zile, na huwapata zaidi vijana. Hupenda masikio, taya, mabega na katikati ya kifua. Ndiyo maana katika lile kovu la nanga ncha ya ndani, inayokaribia mfupa wa kifua, ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Mpasuaji anayejua kazi yake huufupisha mstari huo usifike katikati.

Kwa hiyo kipimo bora cha keloidi hufanyika kabla ya upasuaji wowote, nacho ni maswali. Je, ulipotoboa masikio ulipata uvimbe? Chanjo ya mkononi iliacha kovu lililotuna? Mama au ndugu zako wanazo? Kama jibu ni ndiyo, mwambie daktari hata asipouliza, na ufikirie upya kama titi lililoanguka linakusumbua kuliko keloidi itakavyokusumbua. Kwa maoni yangu, mwanamke mwenye keloidi kifuani ambaye anataka kuinua matiti kwa ajili ya urembo pekee anapaswa kusikia neno "usifanye" kutoka kwa daktari angalau mmoja.

Keloidi ikishatokea, kosa kubwa ni kuikata tu. Keloidi ikikatwa bila tiba nyingine hurudi mara nyingi sana, na tafiti mbalimbali zinataja kuanzia asilimia 45 hadi karibu zote. Hurudi ikiwa kubwa zaidi. Tiba ya kwanza kwa kawaida ni sindano za steroidi iitwayo triamsinoloni ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6, kwa miezi kadhaa. Sindano zinauma, na daktari mwema huchanganya na ganzi. Zikiwa kali au zikichomwa nje ya kovu, ngozi ya jirani huwa nyembamba na nyeupe, hedhi huweza kuvurugika, na mwenye kisukari huona sukari ikipanda. Mjamzito aseme mapema, na ajue pia kwamba keloidi huweza kukua wakati wa ujauzito.

Keloidi ikiwa kubwa, hukatwa na kuchomwa sindano siku hiyo hiyo na kuendelea, au hupigwa mionzi ndani ya siku 1 hadi 3 baada ya kukatwa. Mionzi ipo karibu kuliko wengi wanavyodhani. Hospitali ya Rufaa, Mafunzo na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, KUTRRH, pale Kahawa West kando ya Northern Bypass, ina mashine za mionzi za kutibu saratani, na kutoka Ruiru si mwendo mrefu. Lakini hii ni ngozi ya titi. Nyama ya titi la mwanamke kijana huathiriwa kwa urahisi na mionzi, kwa hiyo uamuzi huo hupimwa kwa uangalifu mkubwa na daktari wa ngozi, mpasuaji na mtaalamu wa mionzi, wala haufanywi kwa kuchoshwa na sindano.

Kinachoweza kurekebishwa

Kijinyama cha kwapani ndicho rahisi. Daktari hudunga ganzi, hukata ngozi iliyozidi, hushona, nawe unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, mstari ukiwa umerefuka kidogo. Vikunjo vya mstari wa wima visivyoisha hurekebishwa vivyo hivyo kwa kukata kipande kidogo kwenye mkunjo wa chini. Kovu pana hukatwa na kushonwa upya kwa tabaka, nyuzi za ndani zikibeba uzito. Lililoshikilia huachiliwa kwa sindano maalum au kisu kidogo kinachopita chini ya ngozi, na mara nyingine mafuta yanayochukuliwa tumboni au pajani hudungwa hapo ili ngozi isigandame tena. Duara la chuchu lililotanuka hushonwa upya kwa uzi wa kudumu.

Leza husaidia rangi na unene wa baadhi ya makovu, lakini kwenye ngozi nyeusi mashine isiyofaa au mkono usiozoea huacha madoa ya kuungua. Ukitajiwa leza, uliza ni ya aina gani na imetumika kwa wagonjwa wangapi wenye rangi kama yako.

Kama bado unapanga kuzaa, ni busara kuahirisha marekebisho makubwa. Ujauzito na kunyonyesha huyabadili matiti upya, na madaktari hupenda kusubiri kama miezi 6 baada ya mtoto kuachishwa ziwa.

Uliza gharama zote kwa mkupuo mmoja: kumwona daktari, chumba cha upasuaji, mtaalamu wa nusukaputi kama atahitajika, maabara, na ziara za baadaye. Aliyekupasua mara ya kwanza huenda akasamehe ada yake, lakini hospitali hudai ya chumba chake. Bima kwa kawaida hailipii urembo. Hata hivyo kidonda kilichoachana, usaha au kovu linalozuia mkono kuinuka ni matatizo ya afya, kwa hiyo omba daktari aandike hivyo kwenye barua na upate jibu la bima, iwe ya binafsi au ya umma ya SHA, kwa maandishi kabla ya kulipa chochote.

Nani akushike

Nchini Kenya upasuaji wa aina hii una asili ya kutibu majeraha. Mwaka 1957 wapasuaji watatu wa kurekebisha maumbile, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege ambayo leo ni shirika la afya la Amref. McIndoe alikuwa amejipatia sifa kwa kuwatibu marubani wa Uingereza walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Ujuzi wa kutibu ngozi iliyoungua na kujikunja ndio huo huo unaolirekebisha kovu la titi, kwa hiyo mtaalamu wa majeraha ya moto katika hospitali ya umma anaweza kukufaa kuliko kliniki yenye sofa nzuri.

Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lina orodha ya madaktari na vituo vilivyosajiliwa, nawe unaweza kuitafuta mtandaoni bila malipo. Tafuta mambo mawili: kwamba daktari ana leseni ya mwaka huu, na kwamba ametambuliwa kuwa bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Udaktari peke yake hautoshi. Kisha angalia kama kituo nacho kimesajiliwa kwa kiwango kinachoruhusu upasuaji. Mwaka 2024 baraza hilo lilifunga kituo kimoja cha urembo jijini Nairobi baada ya mwanamke kufariki kufuatia upasuaji wa kupunguza mafuta.

Mlango wa kuanzia si lazima uwe Nairobi. Hospitali ya Thika Level 5 au Ruiru Level 4 inaweza kukutazama, kusafisha kidonda na kukuandikia rufaa. Nenda na karatasi ya maelezo ya upasuaji wako, inayoonyesha njia iliyotumika, kiasi cha ngozi kilichotolewa na aina ya nyuzi. Kama hukupewa, idai. Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali yako na matibabu yako, na haki ya kulalamika. Piga pia picha za kovu kila mwezi, mahali pamoja na kwa mwanga ule ule. Daktari atajifunza mengi zaidi kutoka kwa picha 6 kuliko kutoka kwa neno "limezidi".

Kuna hali zisizosubiri rufaa wala mwezi wa sita. Titi moja likivimba ghafla na kukaza siku ya kwanza au ya pili, chuchu ikigeuka nyeusi au kuwa baridi, homa, usaha, harufu, joto linaloenea kwenye ngozi, nenda idara ya dharura. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa maambukizi hauonekani kirahisi, hivyo amini joto na maumivu kuliko rangi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata, usimsubiri hata mwenye gari, panda lolote lililo karibu.

Mkunjo usiotokana na kisu

Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa idadi ya wagonjwa wapya nchini Kenya, na mojawapo ya dalili zake ni ngozi ya titi kuvutwa ndani. Mwanamke aliyeinuliwa matiti ana hatari ya kuibeba dalili hiyo kwa miezi akidhani ni kovu. Tofauti ipo. Mkunjo wa upasuaji hukaa kwenye mstari wa kidonda au karibu nao sana, ulionekana mapema, na unapungua au umetulia. Shimo jipya lililo mbali na mstari, ngozi iliyo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani au kutoa damu, au tezi iliyovimba kwapani vinahitaji kupimwa wiki hiyo hiyo.

Uvimbe mgumu ndani ya titi baada ya upasuaji mara nyingi ni mafuta yaliyokufa kwa kukosa damu. Hayana madhara, lakini kwa kidole hayatofautiki na saratani, kwa hiyo hupimwa kwa ultrasaundi, na ikibidi huchukuliwa nyama kwa sindano. Ngozi au nyama yoyote inayokatwa wakati wa kurekebisha kovu iende maabara, na majibu uyachukue mwenyewe. Siku ya mamogramu mwambie anayepiga picha tarehe ya upasuaji na upande wa kila kovu, na kama una picha za zamani, nenda nazo, ili msomaji alinganishe kabla ya kuandika kwamba ameona kitu cha kutiliwa shaka.